Sura ya Sita: Namba Ikijaa

Desemba 1992 Benki Kuu ya Zaire ilitoa noti ya zaire milioni 5. Ukiwa nayo mfukoni ulikuwa milionea mara tano, na sokoni ungeibadilisha kwa dola chache tu za Marekani. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi akatangaza kwamba noti hiyo si halali. Wafanyabiashara wakaikataa. Wanajeshi waliokuwa wamelipwa mishahara kwa noti hizohizo wakagundua kwamba hazinunui chochote, na mwishoni mwa Januari 1993 wakaingia mitaani Kinshasa kupora. Katika vurugu hizo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa kwa risasi.

Mtu aliyeishi Kisangani miaka hiyo hahitaji kufundishwa namna tarakimu zinavyoweza kuota kama magugu. Mji uko zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Kinshasa kwa njia ya mto, ni mji wa biashara ya almasi, na mwuza samaki wa mtaa wa Mangobo, sawa na mnunuzi wa almasi wa mtaa wa Makiso, alilazimika kujifunza kusoma sufuri upya kila baada ya miezi michache. Waliozaliwa baadaye wamesikia habari hizo kwa wazazi wao. Nazileta hapa kwa sababu kila anayeandika programu ya kompyuta katika mji huu, iwe ya duka, ya ushirika wa akiba au ya ofisi ya karo, huamua ndani ya mstari mmoja wa msimbo swali ambalo nchi nzima ilishindwa kulijibu: namba hii itakua mpaka wapi?

Tupitie hesabu yenyewe, maana tutaihitaji mbele. Pesa ya zaire ilizaliwa tarehe 24 Juni 1967. Zaire 1 ilichukua nafasi ya faranga 1,000 za zamani, na ilikuwa na thamani ya dola 2. Iligawanywa katika makuta 100, na kila likuta katika sengi 100. Kwa hiyo zaire 1 ilikuwa sengi 10,000, na sarafu ya sengi 10 ilitengenezwa ili itumike. Tarehe 22 Oktoba 1993 ikaja zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Sufuri zilifutwa, ila mashine za kuchapa noti hazikupumzika, na mwaka 1994 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Tarehe 30 Juni 1998, chini ya Rais Laurent-Désiré Kabila, nchi ikiwa imekwisha kurudi kuitwa Kongo, ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Zidisha: faranga 1 ya Kongo ni sawa na zaire za zamani bilioni 300. Ilikuwa miaka 31 tu tangu zaire moja ilipokuwa dola mbili.

Kila mara serikali ilifanya jambo lilelile. Namba ilipokuwa kubwa kuliko karatasi, ilitangazwa amri, ikatajwa tarehe na kiwango, na sufuri zikakatwa mchana kweupe. Watu walilalamika, na katika eneo la Kasai wakaikataa kabisa zaire mpya na kuendelea na zile za zamani. Waliweza kukataa kwa sababu waliona. Kompyuta nayo hukata tarakimu, lakini haitangazi.

Nafasi ya biti 32

Kompyuta haina daftari ambalo ukurasa ukijaa unafungua mwingine. Namba kamili inapohifadhiwa hupewa nafasi ya ukubwa uliokwisha kupimwa, na nafasi hiyo hupimwa kwa biti. Biti moja hubeba 0 au 1, basi. Biti 8 kwa pamoja zina michanganyiko 256, kwa hiyo zinabeba namba kuanzia 0 mpaka 255. Biti 16 zina michanganyiko 65,536. Biti 32 zina michanganyiko 4,294,967,296. Kila biti unayoongeza huzidisha idadi mara mbili.

Tukitaka namba hasi pia, lazima tugawane michanganyiko hiyohiyo. Katika lugha nyingi aina ya namba inayoitwa `int` ina biti 32, nusu ya michanganyiko ikiwa ya upande wa hasi na nusu ya sufuri kwenda juu. Inaanzia −2,147,483,648 na kuishia 2,147,483,647. Hiyo ya pili, bilioni mbili na milioni mia moja arobaini na saba na ushei, ndiyo namba ya kukariri kuliko zote katika sura hii. Ukizipanga noti za zaire milioni 5 ndani yake, zinaingia 429. Hizo hazifiki mabunda matano ya noti mia mia.

Sasa ongeza 1 juu ya namba hiyo ya mwisho. Wanaoendesha pikipiki za abiria wanajua kile kipimo cha kilomita chenye magurudumu matano ya tarakimu: baada ya 99,999 magurudumu yote yanageuka pamoja, na pikipiki kuukuu inasoma 00,000 kama iliyotoka dukani jana. Ndani ya kompyuta mzunguko ni uleule, isipokuwa pale unapoangukia. Namba 2,147,483,647 huandikwa kwa biti kama 0 moja ikifuatiwa na 1 thelathini na moja. Ukiongeza 1, kila 1 inageuka 0 na kusukuma ya kubeba upande wa kushoto, mpaka ile ya kubeba inafika kwenye biti ya kwanza kabisa. Biti hiyo ndiyo inayosema kama namba ni chanya au hasi. Inageuka kuwa 1, na matokeo yanasomeka −2,147,483,648. Kutoka utajiri mkubwa kuliko wote unaingia kwenye deni kubwa kuliko yote, kwa hatua moja ya kujumlisha.

Prosesa haijakosea hapo. Imejumlisha biti kama ilivyoamriwa, na ile iliyokosa nafasi imeachwa idondoke. Huko ndiko kufurika kwa namba, na ubaya wake ni kwamba programu inaendelea na kazi kama hakuna lililotokea.

Dola elfu kumi pale Makiso

Mtu atasema bilioni mbili ni nyingi, nani ana bilioni mbili Kisangani? Tuone.

Kongo ina pesa mbili. Bei za friji, za pikipiki na za kodi ya nyumba hutajwa kwa dola. Mchicha, mkate na nauli hulipwa kwa faranga. Kila duka kubwa linabadilisha kutwa nzima, na programu yoyote ya mauzo ina mstari wa kubadilisha. Tuseme duka la jumla la Makiso limemwajiri kijana aliyemaliza chuo, na kijana ameandika kwa Java. Ni mtu makini. Amefundishwa kwamba pesa hazihifadhiwi kwa namba za desimali zinazoelea, kwa sababu huleta makosa madogo madogo ya kukadiria, kwa hiyo dola anazihifadhi kama senti, kwa namba kamili. Kiwango cha siku ni faranga 2,800 kwa dola, takriban kama kilivyokuwa mwaka 2024. Anaandika:

`int faranga = senti * 2800 / 100;`

Anajaribu kwa dola 5. Sahihi. Kwa dola 100, sahihi. Kwa dola 1,000 anapata 2,800,000, sahihi. Programu inaanza kazi na inafanya kazi vizuri kwa miezi. Hakuna muuzaji anayejua kwamba ndani yake kuna mpaka, nao upo kwenye dola 7,669 na senti 58. Mpaka hapo jibu ni faranga 21,474,824, ambalo ni sahihi kabisa. Ongeza senti moja, na programu inasema faranga −21,474,820.

Angalia mahali kosa lilipo. Jibu la mwisho, faranga milioni 21, linaenea ndani ya `int` bila tabu. Lingeenea karibu mara mia. Kilichofurika ni hatua ya katikati. Kabla ya kugawanya kwa 100, kompyuta ilizidisha senti 766,959 kwa 2,800 na kupata 2,147,485,200, ambayo imevuka mpaka kwa elfu moja na kitu. Ukitazama kinachoingia na kinachotoka hutaliona tatizo.

Mteja akileta dola 10,000, programu inajibu faranga −14,949,672. Hiyo ina heri yake: muuzaji ataona alama ya kutoa, atashtuka, atapiga simu. Lakini namba inayofurika haikai upande wa hasi milele. Ikizidi kukua inazunguka na kurudi upande wa chanya. Kwa dola 15,340 programu inajibu faranga 2,327, pesa isiyofika hata dola moja. Kwa dola 20,000 inajibu faranga 13,050,327, wakati jibu la kweli ni 56,000,000. Jibu hili la mwisho ndilo la hatari. Ni chanya, lina mamilioni, lina sura ya pesa za biashara. Kwenye ripoti ya mwezi yenye mistari mia tatu, mhasibu aliyechoka atalipita.

Kijana akiambiwa, jambo la kwanza atakalofanya ni kubadilisha upande wa kushoto, aandike `long` mahali pa `int`, kwa kuwa `long` ina biti 64. Ataendesha tena na kupata makosa yaleyale. Java hukamilisha kwanza hesabu ya upande wa kulia, na huko `senti` na `2800` bado ni namba za biti 32, kwa hiyo zinazidishwa katika biti 32, zinafurika, halafu matokeo yaliyokwisha haribika ndiyo yanayowekwa kwenye nafasi kubwa. Dawa ni kuipanua namba kabla ya kuzidisha: `senti` yenyewe iwe `long`, au iandikwe `2800L`, ile herufi moja ya mwisho ikitosha kuilazimisha hesabu yote ifanyike kwa biti 64.

Wapo watakaopendekeza kugawanya kwanza na kuzidisha baadaye, ili namba ya katikati isikue. Kwa namba kamili hiyo inatupa mabaki. Dola 7 na senti 99 zinageuka dola 7, na senti 99 za mteja, yaani faranga 2,772, zinapotea. Duka litakuwa limetibu kosa la wateja wakubwa kwa kuwaibia wadogo.

Kila lugha na desturi yake

Lugha za programu hazikubaliani juu ya la kufanya namba ikijaa, na anayehama kutoka moja kwenda nyingine huhama na mazoea yasiyomfaa.

Java na Go huzungusha namba kimyakimya, kama tulivyoona. Java, tangu toleo la 8 la mwaka 2014, inatoa njia nyingine kwa anayetaka: `Math.multiplyExact` na `Math.addExact` hufanya hesabu ileile, ila namba ikifurika zinasimamisha programu na kutoa taarifa ya kosa. Kijana wa Makiso angeitumia hiyo, mauzo ya dola 10,000 yangekwama kaunta siku ya kwanza, watu wangekasirika, na kosa lingerekebishwa jioni ileile.

C ni kali zaidi kuliko inavyodhaniwa. Kwa namba zenye alama, kanuni za lugha hazisemi kitakachotokea zikifurika, na kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, inaruhusiwa kudhani kwamba haitatokea kamwe. Kwa hiyo ukiandika kinga ya kuuliza kama `a + 1` ni ndogo kuliko `a`, kompaila inaweza kuifuta, kwa hoja kwamba jambo hilo haliwezekani. Mlinzi uliyemweka mlangoni anaondolewa na kompaila unayoitegemea.

Rust hutegemea namna ulivyoitayarisha programu. Wakati wa kuijaribu, namba ikifurika programu husimama kwa kishindo. Ikiandaliwa kwa matumizi ya kawaida, huzungusha, isipokuwa uwe umeomba ukaguzi ubaki.

Python imechagua njia nyingine kabisa: namba kamili hukua kadiri kumbukumbu ya mashine inavyoruhusu. Zaire bilioni 300 mara bilioni 300 ni hesabu ya kawaida kwake. Ndiyo maana mwanafunzi aliyeanza na Python anaweza kumaliza chuo bila kukutana na tatizo hili, kisha anakutana nalo akianza kutumia maktaba yake ya NumPy kwa takwimu, ambako namba zimerudi kwenye nafasi za biti 32 na 64, na kufurika kumerudi nazo.

JavaScript, lugha ya kurasa za intaneti, ina namna yake ya kukosea. Namba zake za kawaida zote ni za desimali zinazoelea za biti 64, na namba kamili ni za kuaminika mpaka 9,007,199,254,740,991. Ukivuka hapo haigeuki hasi. Inaanza kuruka: 9,007,199,254,740,993 haiwezi kuandikwa, na badala yake unapata jirani yake. Hiyo ni zaidi ya kwadrilioni 9, na unaweza kudhani hakuna jambo la Kongo litakalofika huko. Bajeti ya taifa ya mwaka 2024 ilizidi faranga trilioni 40. Iandike kwa santimu, yaani sehemu za mia za faranga, kama mifumo mingi ya fedha inavyofanya, na unapata kwadrilioni 4, karibu nusu ya njia. Jumlisha bajeti za miaka mitatu na umevuka.

Hata pasipo lugha ya programu mtego upo. Excel hushika tarakimu 15 tu. Ya kumi na sita na zinazofuata hugeuzwa sufuri bila onyo. Mhasibu anayeingiza namba ndefu za akaunti kama namba, badala ya maandishi, anazipoteza mikia. Na katika hifadhidata, safu iliyotangazwa `INT` ina ukomo uleule wa 2,147,483,647, wala haijali kama unahifadhi bei, idadi ya watu au namba ya mfululizo ya miamala.

Mita zilizohesabu dakika

Watu wa Afrika Mashariki walikutana na ukomo wa namba uso kwa uso mwaka 2024, na wengi hawakujua ndicho walichokutana nacho.

Mita za umeme wa kulipia kabla, zile za LUKU Tanzania, za tokeni Kenya, za Yaka Uganda, hufuata kiwango kimoja cha kimataifa kiitwacho STS. Unaponunua umeme unapewa tarakimu 20. Ndani yake, pamoja na kiasi cha umeme, kuna muhuri wa wakati: idadi ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Mita hukumbuka mihuri ya tokeni ilizokwisha pokea, na ikiona muhuri wa zamani inakataa, ili mtu asiingize tokeni moja mara mbili. Muhuri huo ulipewa biti 24.

Biti 24 zina nafasi ya dakika 16,777,216. Gawa kwa dakika 1,440 za siku moja: ni siku 11,650 na sehemu, kidogo pungufu ya miaka 32. Hesabu kutoka mwanzo wa 1993 inakufikisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo dakika zinaanza tena sufuri, tokeni mpya inaonekana kuukuu, na mita inaikataa. Umeme umelipiwa, pesa zimekatwa kwenye simu, na nyumba iko gizani.

Hilo halikutokea kwa kiwango cha janga, na sababu yake inafaa kuangaliwa. Mpaka ulijulikana, tarehe yake iliandikwa, na mashirika ya umeme yakautangaza. Wateja wa TANESCO na wa Kenya Power waliambiwa kwamba safari hii watapata mistari ya ziada ya tarakimu 20, waingize kwanza hiyo kwa mpangilio, kisha tokeni yao ya kawaida. Mistari hiyo ilibadilisha ufunguo wa mita na kuhamisha mwanzo wa kuhesabu hadi mwaka 2014. Mama aliyesimama juu ya kiti akibonyeza tarakimu 60 badala ya 20, huku mtoto akimsomea kwenye simu, alikuwa anarekebisha kufurika kwa namba kwa mkono wake. Mamilioni ya mita yalirekebishwa namna hiyo, moja moja, na watu wasiowahi kusikia neno biti.

Tatizo kama hilo lisiporatibiwa, gharama yake ni nyingine. Tarehe 4 Juni 1996 roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Haikufika hata dakika moja angani. Sekunde takriban 37 baada ya injini kuwashwa, programu ya kuongoza mwelekeo ilijaribu kuhamisha namba ya desimali ya biti 64 kwenda nafasi ya namba kamili ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Namba haikuenea. Kompyuta ya kwanza ilizima, na ya akiba, iliyokuwa na programu ileile, ilikuwa imezima kabla yake kidogo kwa sababu ileile. Roketi ikapinda ghafla, ikavunjika, na setilaiti nne za utafiti zikateketea.

Tume iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions ilikuta kwamba msimbo ule ulitoka Ariane 4, ambako ulifanya kazi miaka mingi bila doa. Wahandisi walijua kwamba kuhamisha namba namna hiyo kunaweza kufurika. Walikaa, wakapiga hesabu, wakaona kwa mwendo wa Ariane 4 namba ile haiwezi kufika huko, wakaiacha bila kinga. Hesabu yao ilikuwa sahihi kwa Ariane 4. Ariane 5 ilikuwa na mwendo wa kasi zaidi wa kwenda pembeni, na hakuna aliyerudi kuuliza tena. Makisio yaliyofanywa kwa ajili ya dunia moja yalibebwa mpaka nyingine bila barua ya kuyaeleza, kama vile mtu angebeba programu ya mishahara ya mwaka 1967 hadi 1992.

Biti 64 zinatosha?

Jibu la haraka la mafundi wengi wa leo ni kutumia biti 64 kila mahali na kulala usingizi. Ukomo wake ni 9,223,372,036,854,775,807, zaidi ya kwintilioni 9. Kwa mambo mengi ushauri huo ni mzuri. Kumbukumbu siku hizi ni rahisi, na kubana biti kwa ajili ya kuokoa nafasi hakuna faida katika programu ya duka. Hata YouTube, Desemba 2014, ilipandisha kihesabio chake kwenda biti 64 wakati video ya Gangnam Style ilipokuwa inavuka ile 2,147,483,647 yetu.

Lakini turudi kwenye zaire na tufanye hesabu niliyoahidi. Chukua mtayarishaji wa programu wa mwaka 1967, mwangalifu kuliko wenzake wote, ambaye amehifadhi pesa kwa kipimo kidogo kabisa cha halali, yaani sengi, na amezipa biti 64 tangu siku ya kwanza. Zaire 1 ni sengi 10,000. Faranga 1 ya Kongo ni zaire bilioni 300, kwa hiyo ni sengi kwadrilioni 3. Gawa ukomo wa biti 64 kwa kwadrilioni 3 na unapata 3,074. Mfumo wake ungejaa kwenye faranga 3,074 za Kongo. Kwa kiwango cha 2024 hiyo ni dola moja na senti kumi hivi. Akaunti ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani mwenye faranga elfu tano ingegeuka deni.

Biti 64 peke yake hazingemwokoa mtu huyo. Kilichomshinda ni uhusiano kati ya kipimo kidogo na dunia inayobadilika, na huo hakuna kompaila inayoujua. Anaujua anayeishi mahali pale. Mtu wa Zurich anaweza kudhani bei za leo zitafanana na za mwaka kesho. Mtu wa Kisangani ana sababu za kutodhani hivyo. Mpaka mwaka 2012 noti kubwa kuliko zote ya faranga ya Kongo ilikuwa 500, na leo iko ya 20,000.

Ndiyo maana kabla ya kuandika aina ya namba yoyote ya pesa, fundi wa hapa anapaswa kuandika kando yake, kwa maneno, mambo matatu: kipimo ni kipi, faranga au santimu au senti ya dola, namba kubwa kuliko zote inayotarajiwa ni ipi, ikiwemo ile ya katikati baada ya kuzidisha na kabla ya kugawanya, na namba ikivuka hapo, programu ifanye nini. La tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye uzito. Ukomo lazima uwepo, kwa sababu mashine zina mwisho. Programu inayokataa muamala na kueleza sababu itamuudhi mteja mmoja. Programu inayokubali na kuandika faranga 13,050,327 itaharibu vitabu vya mwaka mzima, na itakuwa imefanya kwa siri kile ambacho hata serikali za Zaire zilikifanya kwa tangazo.

Ukomo mmoja, ule wa wakati, una tarehe inayojulikana. Mifumo mingi ya zamani huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, katika nafasi ya biti 32 yenye alama. Nafasi hiyo itajaa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Kisangani itakuwa alfajiri, saa 11 na dakika 14 na sekunde 7. Sekunde inayofuata, mashine ambazo hazijarekebishwa zitasoma Desemba 1901, wakati mji huu ulipokuwa kituo cha Dola Huru la Kongo, la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kompyuta mpya na simu nyingi za leo tayari zinatumia biti 64 kwa wakati na hazitaathirika. Zitakazobaki ni zile zisizotazamwa: mashine ya risiti iliyonunuliwa mitumba, kidhibiti cha jenereta, hifadhidata ya shule iliyoanzishwa na mtu aliyekwisha hama.

Mwenye programu ya mauzo hana haja ya kungoja 2038 kujua alipo. Aingize kwenye mashine yake mauzo ya dola 7,669 na senti 59 kwa kiwango cha 2,800, kisha dola 20,000. Akipata 21,474,852 na 56,000,000, mstari wake wa kubadilisha ni mzima. Akipata jibu jingine lolote, amwite fundi leo, na wakae pamoja kupitia mauzo yote makubwa yaliyopita kwenye mashine hiyo tangu siku ya kwanza.